Uzoefu wangu: albamu ya Mwandishi ya Herbie Hancock, na hina ya unga mikononi mwa mashoga zangu

Kwa kazi ya kuchora hina usiku, sijapata muziki unaofaa kuliko albamu ya Mwandishi ya Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi wa Marekani, iliyotoka mwaka 1971. Nimeisikiliza kwenye CD, kwenye simu na kwenye spika kubwa za sebuleni kwetu Mombasa, na karibu kila mara kuna kiganja cha mtu mbele yangu. Ndiyo maana tathmini hii ni ya vitu viwili: albamu yenyewe, na hina ya unga ninayoichanganya kwa mkono wangu. Kwangu mimi havitenganishwi.

Wengi wanamjua Hancock kwa Head Hunters ya 1973. Albamu hiyo naipenda sana, lakini haichoreki. Besi ya wimbo wake wa kwanza, Chameleon, ikianza tu, anayechorwa anatikisa mabega na jani linageuka kuwa kitu kingine. Mwandishi ni ya kundi lake la kabla ya hapo, kundi la watu sita ambao kila mmoja alichukua jina la Kiswahili. Hancock mwenyewe ni Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali, Bennie Maupin wa klarineti ya besi na filimbi ni Mwile, Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, ni Mganga, na kweli alikuwa amesomea udaktari na kuhitimu. Aliyempa Hancock jina lake ni James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Ni miaka ile ambayo vijana wengi Weusi wa Marekani walikuwa wakijifunza Kiswahili na kujichagulia majina mapya. Hata mpiga ngoma wa pili aliyealikwa kwenye albamu hii, Leon Chancler, alijulikana kwa jina la Ndugu mpaka alipofariki mwaka 2018.

Mashoga zangu walipoyaona majina hayo kwenye karatasi ya CD, walikubali kukaa wasikilize. Kabla ya hapo walikuwa wakiniambia, “Shoga, zima hayo makelele yako, weka taarabu.” Sasa kuna mmoja ambaye kabla hajanyoosha mkono huniuliza, “Leo Mganga yupo?” Namwambia yupo, tulia.

Wimbo wa kwanza, Ostinato, una dakika 13 na umetolewa kwa Angela Davis, mwanaharakati Mweusi wa Marekani. Ulirekodiwa San Francisco mwishoni mwa 1970, wakati yeye akiwa kizuizini akisubiri kesi. Mahakama ilikuja kumwachia huru mwaka 1972. Nikiusikiliza nikijua hilo, naelewa kwa nini besi ile haikubali kusimama. Mzunguko wake ni wa mapigo 15. Unahesabu nane, kisha saba, na ghafla umeanza upya kabla mguu haujawa tayari. Mara za mwanzo utadhani kuna pigo limeibwa. Ukiuzoea, mwili wenyewe unaacha kulitafuta pigo la 16.

Hapo ndipo hina na muziki huu vinapokutana. Fundi wa hina anaishi kwa kurudia: jani, jani, kitone, shina, jani tena. Ukirudia kwa usawa mno, mkono unatoka umekufa, kama kitambaa cha kiwandani. Mimi huzungusha ua la kifundo cha mkono kwa hesabu ya Ostinato, vitone vinane, jani, vitone saba, jani. Anayeutazama mkono hajui kwa nini jicho lake linaendelea kuzunguka, lakini linazunguka. Sikubuni hilo kwa akili. Mkono ulilifuata sikio, na nilipohesabu baadaye nikakuta ndivyo ilivyo.

Wimbo wa pili, You’ll Know When You Get There, ni wa polepole, na huu ndio ninaouwekea vidole. Ncha za vidole zinataka pumzi ya fundi iwe imetulia. Henderson anapuliza kwa upole wa ajabu, filimbi ya Maupin inakuja nyuma yake, na kinanda cha umeme cha Hancock kimepitishwa kwenye mashine ya mwangwi ya utepe, Echoplex, kwa hiyo sauti moja inarudi mara kadhaa ikififia. Naweza kuvuta mstari mmoja mrefu kutoka ukucha hadi kwenye kiwiko bila kuinua koni.

Sasa hina. Situmii koni za dukani zilizokaa rafuni miezi. Hina halisi iliyochanganywa hupoteza nguvu ndani ya siku chache isipowekwa kwenye friza, kwa hiyo koni inayokaa rafuni bila kuharibika ina jambo ndani yake. Nanunua unga wa majani ya mhina uliochekechwa laini, wenye harufu ya nyasi kavu, wa rangi ya kijani. Nauchanganya na maji ya ndimu, sukari kidogo na matone ya mafuta ya lavenda, naufunika, nauacha kwa saa kadhaa. Kwa joto letu la pwani hauhitaji kungoja sana. Juu ukigeuka kahawia, rangi imeshaanza kutoka kwenye jani. Sukari ndiyo inayoufanya uvutike kama uzi na ushike ngozi usidondoke. Nauchuja kwa kitambaa chepesi kabla ya kuutia kwenye koni, maana punje moja tu ikiziba ncha, mstari umeharibika katikati ya solo ya tromboni.

Ikishachorwa ikae saa sita au nane, bora mtu alale nayo. Asubuhi unaikwangua bila maji, unapaka mafuta ya nazi. Mtu akiona rangi ya chungwa asivunjike moyo. Ndani ya siku mbili itaiva mpaka iwe damu ya mzee, hasa viganjani na nyayoni ambako ngozi ni nene. Juu ya mkono na kwenye paja haikolei hivyo kamwe, na fundi anayekuahidi vinginevyo anakudanganya.

Kuhusu piko nyeusi nitasema bila kuzunguka: sipaki, hata kwa bibi harusi, hata akinililia. Weusi ule unaoshika kwa dakika chache mara nyingi unatokana na kemikali ya PPD, ile ya rangi za nywele. Inaweza kuchoma ngozi ikatoka malengelenge yenye umbo lile lile la ua, na mwili ukishaikataa mara moja unaweza kuikataa maisha yote. Na hina halisi pia ina watu wake wa kuwaepusha: wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, maana inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu zao, na watoto wachanga, ambao mara nyingi hata haijulikani kama wanao. Mimi sichori mtoto mchanga, mama yake aseme nini.

Turudi kwenye albamu, kwa sababu upande wa pili wote wa santuri ni wimbo mmoja, Wandering Spirit Song wa Priester, wa zaidi ya dakika 20, na hapa ndipo watu wanapogawanyika. Unaanza kwa upole, kisha katikati kila mtu anashika njia yake, ngoma zinatawanyika, vipulizo vinalia. Kwa msikilizaji mgeni ni mzigo. Siwezi kumpa mtu wimbo huu kama mlango wa kuingilia jazi fusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki na ala za umeme. Kwa hilo ningempa Heavy Weather ya kundi la Weather Report, ya 1977. Lakini mimi naupenda kuliko nyimbo zote tatu. Katikati ile ya vurugu huwa siendi na mistari myembamba, najaza maua ambayo mipaka yake ipo tayari. Ukitulia tena mwishoni, na mkono unakuwa umejaa.

Kasoro ninayoipata ni ya chombo, si ya muziki. Kwa spika ya simu, besi ya Mchezaji inapotea kabisa, na bila besi Ostinato si kitu. Tafuta spika yenye kifua au vaa visikizio vizuri. Ukiipata CD pacha iliyotoka 1994, yenye rekodi zote za Hancock za kampuni ya Warner Bros., ichukue bila kusita. Ndani yake kuna Crossings ya 1972 pia, ambako Patrick Gleeson anaongeza sinthesaiza, ala ya kutengeneza sauti kwa umeme, na mambo yanakwenda mbali zaidi.

Mimi kwa sasa nimo kwenye Sextant ya 1973, albamu ya mwisho ya kundi lile. Ina wimbo uitwao Hidden Shadows wenye mapigo 19, na shoga mmoja ameshaniahidi miguu yake yote miwili kwa ajili ya Idi. Vitone kumi, jani, vitone tisa: nimeshaujaribu kwenye karatasi, na kifundoni utakaa vizuri.