Darasa la kuogelea la watoto Mbezi: tulilipa, na kuloa nikaloa mimi

Wazazi wenzangu habari zenu, nimeulizwa sana kuhusu lile darasa la kuogelea nililompeleka mwanangu huku Mbezi Beach, ngoja nimwage yote hapa. Jina silitaji maana kuna mabaya yao ntayasema, mtanisamehe.

Kifurushi ni vipindi 8, kila Jumamosi dakika 45, laki moja na ishirini. Miwani na kofia unajinunulia, na msinunue pale kwao bei imechangamka, shukeni Kariakoo.

Dogo ana miaka 7, mtoto wa tableti, ukimwambia twende nje anakuangalia kama umemtukana. Jumamosi tatu za mwanzo baba yake ndo alikuwa anampeleka, anamshusha getini, anaenda zake kuosha gari, muda ukiisha anakuja kumchukua. Basi mtoto anakaa pembeni ya bwawa wee, kilicholoa ni miguu tu, na ikifika Ijumaa usiku tumbo linaanza kuuma, tumbo gani hilo lina kalenda? Ya nne nikaenda mimi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na simu yangu, nayo haikusaidia kitu maana kila akigeuka anakuta nimeinamia WhatsApp. Aliniambia mwenyewe kwenye bajaji tukirudi, "mama hata hukuona nilivyopuliza mapovu." Iliniuma jamani.

Wiki iliyofuata akaganda kwenye ngazi, vidole vimekakamaa kwenye chuma, kubanduka hataki. Kocha akanifuata akaniuliza kistaarabu tu, "Mama samahani, anayeogopa maji ni mtoto au ni wewe?" Nikacheka, ila ukweli nimezaliwa Dar hii hii, bahari naiona kila siku na kuogelea sijui, na tukienda Coco Beach kazi yangu ni kupiga kelele "usisogee huko!" Kwa hiyo ule uoga alinirithi mimi.

Akasema Jumamosi ijayo uje na nguo za kuogelea, mzazi anaruhusiwa maji mafupi bila kulipia. Nikahangaika mpaka nikapata burkini, nikajikaza kisabuni nikashuka, nikajaribu kupuliza mapovu nikapaliwa, na yule mtoto alicheka mpaka akasahau kushika ngazi. Siku ile ile akaelea chali, mkono wa kocha uko chini ya mgongo, halafu taratibu ukatoka na yeye wala hana habari, anaangalia mawingu tu. Kipindi cha mwisho kavuka upana wa bwawa na kibao chake cha kuelea, mama mtu bado nahema kwenye ngazi.

Kingine nilichowapendea, kocha hadanganyi watu. Alitukalisha wazazi akasema Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, sasa mimi nakaa nao 45 kwa wiki nzima, hizo nyingine anazo nani? Kimya, kila mtu anaangalia viatu vyake. Tangu hapo jioni tunaruka kamba uani (majirani wameshazoea), na dukani anatembea kwa miguu, mambo ya kumpakiza boda yameisha. Baba yake nae kaibuka na mpira, japo kiuno kinamsema.

Haya, mabaya. Tangazo lao linasema watoto 6 kwa kocha mmoja, kuna siku nimehesabu 11, na hiyo kwenye maji sio utani hata kidogo, siku ile sikugusa simu kabisa. Kitasa cha chumba cha kubadilishia cha kina mama kimekufa, unavaa huku mgongo umeuegemeza mlangoni. Halafu kuna Jumamosi walizidisha klorini watoto wote wakatoka macho mekundu, kulalamika, dada wa mapokezi anatujibu eti ndo usafi wenyewe huo.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, na zote ni za kocha. Ukienda chagua kipindi cha saa 2 asubuhi, kile cha saa 5 watu wa besidei wanakuwa washaingia na maspika yao, filimbi ya kocha haisikiki. Na beba taulo mbili.