Ndimu ya unga kwenye mifereji ya bafuni: uzoefu wangu wa miezi 14

Nyumba tuliyohamia Bamburi ina kisima chake, na kwa kweli kisima ndicho kilichotufanya tuikubali haraka. Anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa. Maji ya mji yanatoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Kuna wiki yanafika, kuna wiki hayafiki. Sisi tungefungua tu mfereji na kuoga.

Mwezi wa tano tangu tuhamie, shawa mpya ilikuwa imeziba nusu nzima. Matundu machache yaliyobaki yalirusha maji ukutani badala ya kichwani. Mfereji wa beseni ulivaa kola nyeupe shingoni, ngumu kama simenti, na skrubu za chuma cha taulo zilikuwa zimeteremsha michirizi ya kahawia juu ya vigae. Vyote hivyo tulivinunua vipya. Niliumia, maana pesa ya kumalizia bafu ile tuliikusanya kwa muda mrefu.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nilichukua dawa ya choo, ile yenye asidi kali, nikapaka mfereji na kuuacha nusu saa nikipika. Gamba liliondoka, kweli. Mng'aro nao uliondoka. Palibaki mabaka ya kijivu iliyofifia, na baada ya wiki mbili mabaka yakaanza kuchimbika. Baadaye nilielewa kwa nini: kromu inayong'aa juu ya mfereji ni ngozi nyembamba mno, haifiki hata maikromita moja, na chini yake kuna nikeli kidogo kabla hujafikia chuma chenyewe. Asidi ya dawa ya choo hailali nusu saa juu ya ngozi kama hiyo ikaiacha salama. Mfereji ule niliutupa.

Fundi aliyekuja kuubadilisha ni mzee wa makamo ya baba yangu. Aliniuliza kama nina ndimu. Nikadhani anataka maji ya kunywa yenye ndimu, nikamletea na sukari. Akaikata, akakamua matone mawili juu ya gamba la mfereji wa jikoni. Likachemka povu dogo dogo.

"Binti yangu, hii wewe waiita kutu, lakini si kutu. Hii ni chokaa. Nyumba yako imekaa juu ya tumbawe, na maji yako yamepita humo ndani kabla ya kukufikia."

Maneno yale ndiyo yaliyobadilisha kila kitu nilichofanya baadaye. Mvua ikishuka ardhini huchukua hewa ya ukaa, inakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unayeyusha jiwe la matumbawe. Jiwe linasafiri ndani ya maji bila kuonekana. Tone likikauka juu ya chuma, au maji yakichemshwa, ile hewa inatoka na jiwe linarudi kuwa jiwe. Ni chokaa ile ile iliyojengea nyumba za Mji wa Kale, na ni jiwe la aina ile ile linalochimbwa hapa Bamburi kwa ajili ya simenti. Mimi nilikuwa najengewa ukuta juu ya shawa, tone kwa tone. Nilinunua vipande vya kupimia ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa iliyoyeyuka humo, nikaona rangi imefika mwisho wa kipimo, juu ya miligramu 250 kwa lita. Maji yakishapita 180 huhesabiwa kuwa magumu sana.

Basi nikaacha ndimu za sokoni, nikanunua ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ile ile tunayotilia mabuyu na achari. Nusu kilo inatosha miezi mingi. Siki nayo nimeijaribu. Inafanya kazi, ila ni ya polepole zaidi na bafu zima linanuka kachumbari hadi jioni. Ndimu ya unga haina harufu.

Ninavyoitumia: vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu. Vuguvugu, si ya moto. Mwanzoni nilichemsha maji nikiamini yatakuwa na nguvu zaidi, nikapata utando mweupe mwingine ulioganda juu ya chuma na ulionipa kazi kuutoa. Ni chumvi inayozaliwa ndimu inapokutana na chokaa, na hiyo huyeyuka vibaya zaidi kwenye maji ya moto. Maji yakishakuwa kama ya mchele, mwaga, koroga mengine.

Kwa shawa ya ukutani namimina mchanganyiko ndani ya mfuko wa plastiki, nazamisha kichwa cha shawa humo, nafunga kwa mpira, nasubiri dakika 20. Naweka saa ya simu, kwa sababu nishajua gharama ya kusahau. Kisha napiga mswaki mkuukuu kwenye matundu, nafungulia maji kwa nguvu, nafuta hadi pakauke kabisa. Kwa shingo ya mfereji, ambako mfuko haukai, nalowesha kitambaa na kukizungushia. Kile kichujio kidogo cha waya kilicho mdomoni mwa mfereji nakifungua kila baada ya miezi miwili. Mara ya kwanza nilitoa humo changarawe za kujaza kijiko cha chai, na kumbe wakati wote nilikuwa nalaumu pampu.

Usiimwage kwenye marumaru wala terazo. Hayo nayo ni mawe ya chokaa, na ndimu haichagui. Shaba ya manjano tupu isiyopakwa kromu usiiloweke muda mrefu, itageuka rangi ya waridi kwa sababu zinki iliyomo inatoka. Mama yangu alisugua sinia zake za shaba kwa ukwaju, lakini alisugua na kusuuza papo hapo, hakuziacha zilale humo. Na kamwe usichanganye ndimu wala siki na jiki, hata kwa bahati mbaya katika ndoo moja. Inatoka gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Jiki yenyewe naiweka mbali na vyuma vyote, kwani inakula hata chuma cha pua.

Sehemu ya pili ya dawa ni nta ya gari, ya kopo, ile ngumu. Nilisoma kwamba watu huipaka kwenye mifereji nikaona ni mbwembwe. Siku hizi sikosi. Baada ya kusafisha na kukausha, napaka safu nyembamba, nasubiri ikauke, nang'arisha kwa kitambaa laini. Maji yanajikusanya vidonge vidonge na kuteremka, hayatandi tena. Tone ambalo halikukaa halina jiwe la kuacha. Kwenye shawa inayotumika na watu watano nta inadumu wiki tatu hadi nne, kwenye mfereji wa beseni zaidi kidogo. Mfereji wa maji ya kunywa siupaki. Pembeni ya mlango kunaning'inia kitambaa, na anayetoka kuoga anafuta mfereji na mpini wa shawa. Watoto walizoea kabla ya baba yao.

Kwa gamba la chokaa naipa njia hii nyota tano. Kwa kutu naipa moja tu, na hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo, mimi nikiwa miongoni. Kisima chetu kiko karibu na bahari, maji yake ni magumu na pia yana chumvi. Magumu ni habari ya chokaa. Chumvi ni habari ya kloridi, na kloridi ndiyo inayotoboa chuma. Ndimu inaondoa la kwanza, haigusi la pili. Hata hivyo viwili hivi vinasaidiana kuharibu: chini ya gamba kunabaki unyevu wa chumvi usiokauka, hewa haifiki vizuri, na chuma cha pua kinahitaji hewa ili kijirudishie utando wake wa kinga. Kwa hiyo kutoa gamba kumepunguza vitobo vipya, nimeona kwa macho. Skrubu zilizokwisha kuanza kulia machozi ya kahawia hazikunyamaza.

Kabla ya kufika hapa nilikwishanunua kifaa cha umeme kinachofungwa kwenye bomba kuu, kinachosemekana kulainisha maji kwa sumaku. Nilikifunga miezi minne. Gamba lilikuja kwa kasi ile ile na ndimu yangu ikaisha kwa kasi ile ile. Nimekitoa. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alifunga mtambo wa kweli wa kulainishia maji, wenye chembe zinazonasa kalsiamu na kutoa sodiamu mahali pake, unaoongezwa chumvi kila mara. Kwake sabuni inatoa povu na vioo havina madoa. Ungeniuliza kama una faida ningesema ndiyo, kwa aliye na uwezo. Lakini chuma chake cha taulo kina kutu kama changu, kwa sababu mtambo ule unabadilisha kalsiamu tu, kloridi inapita kama ilivyokuja. Muuzaji hakumwambia hilo, na alilipa akiamini kutu imekwisha. Hilo lilinikera zaidi yake.

Dhidi ya chumvi, kilichonisaidia ni kuchagua chuma. Usitegemee sumaku dukani. Shaba ya manjano haishikwi na sumaku, na mchanganyiko wa zinki, ule rahisi unaopakwa kromu ufanane na shaba, haushikwi pia. Hata chuma cha pua cha daraja la 201 na la 304 sumaku haivitofautishi, ingawa 304 kina nikeli nyingi zaidi na huvumilia vizuri zaidi. Mimi napima kwa mkono. Chukua mifereji miwili ya ukubwa mmoja, ya shaba ni mizito waziwazi. Kisha angalia ndani ya nyuzi za kufungia, ambako kromu haifiki vizuri: shaba itaonyesha unjano wake. Wangu mpya niliulipia karibu mara mbili ya ule wa kwanza na sijajuta. Skrubu na vishikio, ukiweza, tafuta vya 316. Vina molibdenamu, na ndiyo maana hutumika kwenye vyombo vya baharini.

Mahali ambapo hakuna anayetazama ni chini ya beseni. Ile mipira ya maji iliyofumwa kwa waya wa chuma inashika kutu kimyakimya, na waya ukikatika mpira unapasuka, mara nyingi usiku au mko safarini. Wetu mmoja niliukuta na nyuzi tatu zimekatika. Nilibadilisha yote miwili siku hiyo hiyo, na fundi alipaka grisi ya silikoni kidogo kwenye nati ili siku ya kufungua zisigande.

Sasa ni mwezi wa 14. Shawa ni ile ile ya tangu tuhamie, na matundu yote yanatoa maji. Mfereji wa shaba hauna kola. Chuma cha taulo bado kinalia kwenye skrubu mbili za chini, fundi atakuja Jumamosi na skrubu za 316 alizozipata kwa wauza vifaa vya mashua.