Miezi minne na ThinkPad T480 niliyoinunua Kariakoo

Nilikuwa na shilingi 650,000 na kazi ya uhasibu isiyosubiri. Kwa hela hiyo, laptop mpya niliyoonyeshwa ilikuwa ya plastiki yenye prosesa dhaifu ya Celeron. Nilipofungua faili langu la Excel, ningeweza kwenda kuchota maji nikarudi. Nikaamua kutafuta iliyotumika.

Duka la kwanza nilikuta T480 safi, inang'aa. Nilishaanza kuhesabu hela nikakumbuka kuizima na kuiwasha huku nikibonyeza F1, ili niingie kwenye mipangilio yake ya ndani. Ikadai nywila. Muuzaji akacheka: "Hicho kitu kidogo bosi, fundi anachomoa betri ya saa tu, inafutika." Kwenye ThinkPad haifutiki hivyo. Nywila ile ya msimamizi inakaa kwenye chipu juu ya bodi kuu, na Lenovo wenyewe, wanaoitengeneza, wanasema dawa ni kubadilisha bodi. Huenda ofisi iliyoimiliki Ulaya iliiuza bila kuiondoa. Hela ikarudi mfukoni.

Duka la pili walinipa stuli na soketi ya umeme, wakaniacha. Pembeni kulikuwa na T470 ya bei nafuu zaidi, nayo ina stika ya prosesa ya i5 vilevile. Stika haisemi yote. Angalia tarakimu inayofuata: yangu ni i5-8350U, yaani kizazi cha 8, ambacho Windows 11 inakikubali rasmi. Zile za T470 ni kizazi cha 6 au 7, hivyo zinabaki kwenye Windows 10, na Microsoft ilishafunga msaada wake wa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

Muda mrefu niliumalizia kwenye betri. T480 inazo mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa. Ile 100% ya kwenye kona isikupumbaze, ni mia ya kilichobaki. Niliandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ripoti ikajitengeneza: ya ndani ilitoka kiwandani na mWh (kipimo cha umeme inaoshika) 24,000 hivi, ikawa inashika 20,000. Ya nje, 9,000! Nikamgeuzia muuzaji kioo. Hakubisha, akafungua droo, akajaribu betri tatu mpaka tukapata ya 21,000. (Ndiyo maana naipenda T480: betri mbovu inachomolewa kama ya tochi.)

Kioo, kamera na Wi-Fi havikuwa na shida. Spika ni dhaifu, usitegemee kuangalia mpira na wenzako. Tundu la kuchajia ni USB-C, na nililitikisa sana kabla ya kulipa kwa sababu likilegea unaenda kuunguziwa bodi na fundi. Mpaka leo limekaza. Kwa kazi zangu inadumu kwa muda wa saa 5 bila umeme.

Bei ilianzia 640,000. Niliishusha hadi 600,000 kwa risiti ya EFD na waranti ya mwezi mmoja, silaha yangu ikiwa kibodi: ilitoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Niliiweka kwenye mpangilio wa Kiingereza na mimi naandika bila kutazama vidole, sioni tofauti. Mdogo wangu ndiye anayetazama. Juzi kaniandikia barua ya kuomba chumba, ametaja "nzumba" mara nne.