Uzoefu wangu: kuhamisha ruta za mtandao kutoka RouterOS 6 kwenda 7, Mbeya hadi Njombe

Nianze na hukumu, maana najua wengi husoma mistari miwili ya juu kisha wakaondoka. RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta za kampuni ya MikroTik, inafaa kwa ruta za katikati ya mtandao, hasa zinazobeba BGP, yaani lugha ambayo mitandao hutumia kuambiana njia za kufikia anwani, na nikiulizwa leo nitasema hameni. Ila anayekwambia kazi ni kubofya kitufe na kungoja ruta iwake, huyo hajawahi kuwa na mnara upande wa Tukuyu wakati wa mvua.

Niko kwa mtoa huduma mdogo wa intaneti hapa Mbeya. Ruta kubwa ziko mjini, na minara inaelekea Mbalizi, Uyole, Tukuyu, kisha barabara kuu hadi Makambako na Njombe. Vifaa vingi ni vya familia ya CCR, ruta kubwa za MikroTik, vilivyofanya kazi miaka mingi kwenye toleo la 6 bila kelele. Ndiyo maana swali la kwanza la bosi lilikuwa la haki kabisa: kitu kinafanya kazi, mnakigusa kwa nini?

Jibu lilikuwa BGP. CCR1036 ina viini 36 vya prosesa, lakini BGP ya toleo la 6 inatumia kimoja tu. Vingine 35 vinatazama. Jedwali la IPv4 la dunia nzima, yaani orodha ya njia za kufikia kila kundi la anwani, sasa lina takriban njia milioni 1, na ukilipokea lote kwa kiini kimoja, kila laini ya juu, ile inayokuunganisha na intaneti ya nje, inapokatika na kurudi unakaa dakika kadhaa ukitazama prosesa ikihema huku wateja wa Mwanjelwa wakipiga simu. Toleo la 7 linagawa kazi hiyo kwa viini vingi, na tofauti inaonekana kwa macho. Linaleta pia RPKI, yaani ruta inaweza kukagua kama anayetangaza anwani fulani ana haki ya kuitangaza. Na hata usingetaka, soko litakusukuma: CCR2116 haikubali toleo la 6 kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Ruta ikiwaka mara ya kwanza kwenye 7 inajaribu kutafsiri usanidi wako wa zamani. Kwa anwani za IP, VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya kebo moja) na firewall (kichujio cha usalama) sina neno. Upande wa BGP na OSPF, ile inayopanga njia ndani ya mtandao wako, ndipo pa kukaa na kusoma mstari kwa mstari, kwa sababu si majina tu yaliyobadilika, mantiki nayo imebadilika. Vichujio vya njia vilikuwa visanduku vya kujaza. Sasa unaandika masharti kama programu fupi: kama anwani iko ndani ya kundi hili na urefu wake ni huu, pokea. Hatari imejificha mwishoni. Kwenye 6, njia isiyogusa sharti lolote ilipita. Kwenye 7 inakataliwa. Ukiandika vichujio upya kwa mazoea ya zamani, ukaorodhesha unavyovikataa tu, basi umekataa intaneti yote.

Jambo la pili ni matangazo yako mwenyewe. Toleo la 6 lilikuruhusu kutangaza kundi lako la anwani hata kama halimo kwenye jedwali la ruta. Toleo la 7 linataka njia hiyo iwepo kweli, kwa hiyo unaweka njia tupu, ile ya kutupa pakiti, ili kuishikiza. Mistari miwili tu, lakini usipoiweka dunia haikuoni. Na wanaoelekeza wateja kwa laini tofauti kwa kutumia alama za firewall wakumbuke kwamba kila jedwali la njia lazima sasa liundwe kwanza kwa jina lake.

Haya yote tuliyafanyia mezani. Tulichukua ruta ya akiba, tukapakia usanidi wa ruta ya mjini, tukaipandisha na kuisoma kama mwalimu anavyosahihisha insha. Hapo ndipo muda wetu mwingi ulipokwenda, si usiku wa kupandisha.

Kuhusu bakapu: chukua mbili. Ile ya faili zima inarudi vizuri kwenye kifaa kilekile, lakini ukihamia kifaa kipya utakachokitegemea ni maandishi ya eksipoti, yaani usanidi ulioandikwa kama amri. Hapo kuna tofauti ya kuijua: eksipoti ya toleo la 6 inaandika maneno ya siri wazi, ya 7 inayaficha mpaka uombe. Faili la zamani lisizurure kwenye WhatsApp ya mafundi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kinaitwa patisheni, na nashangaa watu wanakipita. Unaigawa hifadhi ya ruta sehemu mbili, unanakili mfumo wa zamani pamoja na usanidi wake kwenye sehemu ya pili, kisha unapandisha ya kwanza. Mambo yakienda kombo unaiambia iwake kutoka ya pili, na umerudi ulikokuwa. Kushuka kutoka 7 kwenda 6 kwa njia ya kawaida kunawezekana, lakini usanidi haurudi ulivyokuwa. Kwa mtu ambaye kipuri chake kinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 na mlima Kitonga katikati, patisheni peke yake inatosha kunifanya nikipe kifaa nyota.

Ratiba tuliipanga kwa kalenda ya huku. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na Rungwe hazijui kukoma mapema. Tukachagua kiangazi baada ya baridi ya Juni na Julai, na tukakwepa mwisho wa mwezi, kwa sababu mawakala wa fedha wanategemea laini zetu siku za mishahara. Saa 8 usiku ndiyo saa yetu. Kwa kila mnara wa mbali fundi alikuwepo pale na laptopu na kebo ya konsoli, si kwa mbali kutoka mjini. Mlinzi mmoja, mzee wa Kinyakyusa, alitupokea na moto wa mkaa tayari. “Shikamoo mzee.” “Marahaba wanangu, hiyo mashine inaumwa nini usiku huu?” Ndaga fijo, yaani asante sana, mzee.

Hesabu pia ukataji wa mara mbili. Mfumo ukishapanda, kuna fimuwea ya RouterBOOT, programu ndogo inayoiwasha ruta, inayopandishwa peke yake na kudai ruta iwashwe tena. Ukiwaambia wateja dakika tano watakushika kwa maneno yako. Na mpigie mtoa huduma wako wa juu jioni ileile, hata kama mmeshaandikiana barua pepe. Wetu alikubali tarehe kwa maandishi, lakini aliyepokea simu usiku hakuwa na habari yoyote.

Dosari zipo. Kerneli mpya ya Linux iliyo ndani ya toleo la 7 haina tena ile akiba ya njia ya zamani, kwa hiyo kifaa kisichotumia fasttrack, njia ya mkato ya pakiti, kinaweza kuonyesha prosesa iko juu kuliko ilivyokuwa kwenye 6. Pima kabla, usishtuke baadaye. Matoleo ya mwanzo thabiti ya 7, yaliyoanza kutoka Desemba 2021, hayakuwa na BFD, kifaa cha kugundua haraka kwamba laini imekatika, na kwa mtandao wa minara huo ulikuwa upungufu mkubwa, baadaye ikarudi. Hiyo ndiyo sababu sisi hatukukimbilia, na bado sipandishi toleo lililotoka juzi.

Ruta ndogo za majumbani zenye hifadhi ya MB 16 tumeziacha kwenye 6.49, kwa sababu nafasi ni finyu na faida ya BGP haziihitaji. Ukifanya hivyo, hakikisha hakuna iliyobaki chini ya 6.42.1, kwa sababu ya lile tundu la usalama la 2018 kwenye Winbox, programu ya kusimamia ruta, na mlango wa Winbox upande wa intaneti uufunge.