Uzoefu wangu na kikundi cha wakusanyaji sarafu, Mji Mkongwe

Nimekaa katika kikundi hiki muda wa kutosha kuweza kusema kinafaa wapi na kinapungukiwa wapi. Nakipenda, na natamani vijana wengi zaidi wa Unguja na Pemba waingie. Ila anayekuja na reale, ile sarafu kubwa ya fedha ya zamani, ya bibi yake akitaka atajiwe bei leo ili kesho akauze, huyo ataondoka amenuna. Kazi yetu si hiyo.

Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, ghorofani katika nyumba ya mmoja wa wazee wetu Mji Mkongwe. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, kahawa na kashata zimo humo humo, na mgeni halipi. Hotuba hakuna. Inatandikwa meza ndefu, katikati inawekwa mizani ya sonara, kioo cha kukuzia na sumaku, kisha kila aliyekuja na kitu anakitoa. Sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, na hairuhusiwi kuigusa uso. Mtoto wa miaka kumi atakukumbusha ukisahau.

Mzee anayeongoza ana neno lake moja kwa kila mgeni: "Usinambie ina thamani gani mwanangu, nambie kwanza imeandikwa nini." Ndipo darasa linapoanza. Chukua pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, ile yenye picha ya mizani, ambayo bado inatoka kwenye makasha ya nyumba nyingi hapa. Mwaka ulioandikwa ni 1299, kwa tarakimu za Kiarabu, na ni mwaka wa Hijria. Kuupeleka kwenye Miladia tunafundishwa hesabu rahisi: toa asilimia 3 ya mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Asilimia 3 ya 1299 ni kama 39, inabaki 1260, ukiongeza 622 unapata 1882, na Barghash alitawala tangu 1870 hadi 1888. Hapa watoto wa Zanzibar wanawapita wakusanyaji wengi wa nje. Aliyekwishapita chuoni akasoma msahafu anaisoma sarafu ile papo hapo, jina la Sultani na dua iliyofuata, hali wenzetu wa Ulaya wanahitaji kitabu pembeni. Nimewaona wanafunzi wa skuli wakigundua kwamba elimu waliyoipata kwa maalim wao inafungua mlango huu pia, na nyuso zao zikabadilika.

Sarafu za Sultani Ali bin Hamud za mwaka 1908, zenye mnazi, ni jambo jingine. Zilitoka za senti 1, senti 10 na senti 20, wakati huo rupia moja ikiwa senti 100, na leo ni adimu mno. Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar zilizotoka mwaka huo huo, zenye picha ya jahazi, mezani kwetu tunazitazama kwenye picha tu.

Mkutano ulionigusa kuliko yote ulikuwa wa sarafu za bei ndogo kabisa: senti 10 za Afrika Mashariki za enzi za Mwingereza, zile za tundu katikati, zilizozungukwa na pembe za ndovu. Tuliambiwa kila mtu alete alizonazo, tukazipanga kwa miaka. Tulipofika 1936 mzee akasimamisha mkono. Mwaka ule una mambo mawili. Kwanza, ndio mwaka Zanzibar ilipoacha rupia na kuingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Pili, senti 5 na senti 10 za mwaka ule ziko zenye jina la mfalme Edward VIII, aliyeshika ufalme wa Uingereza Januari na kuuacha Desemba ya mwaka ule ule, bila ya kuvishwa taji. Uingereza kwenyewe hawakupata sarafu ya matumizi yenye jina lake. Kwetu ilipatikana kwa sababu sarafu ya tundu haina nafasi ya kichwa cha mfalme, inataka jina tu, kwa hiyo haikuhitaji kusubiri sura ichorwe. Tukaanza kutafuta herufi ndogo za kiwanda: H ni ya Heaton wa Birmingham, KN ni ya Kings Norton, na nyengine hazina herufi kabisa.

Wakati tunatafuta, bibi mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake akaichukua moja, akaigeuza, akasema wao walipokuwa wadogo walizitunga kwenye uzi wakazifunga kwenye pindo la khanga ili zisipotee njiani wakienda dukani. Akataja alichonunuliwa kwa senti 10 na kwa senti 5, duka lilikuwa mtaa gani, na nani alikuwa akikopesha. Meza nzima ikanyamaza kumsikiliza. Kitabu cha bei hakina habari hiyo, na hakuna mahali pengine ambapo kijana wa leo angekaa na bibi yule saa nzima wakizungumza juu ya kipande cha shaba.

Na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Hakuna anayeandika. Hatuna daftari la mikutano wala hatunasi sauti za wazee, na simu tunazo mifukoni. Nimelisema zaidi ya mara moja, likaitikiwa kwa vichwa, likaishia hapo. Sarafu itadumu miaka mia nyengine, lakini aliyeitumia hatodumu. Kikundi kikiendelea hivi kitabaki na vyuma vyake tu.

Upande wa kutambua bandia, kikundi kina watu hodari. Reale ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, ndiyo inayoletwa zaidi, na wengi hudhani mwaka 1780 ulioandikwa unaonesha umri wake. Siyo. Reale iliendelea kupigwa na mwaka ule ule kwa zaidi ya karne mbili, kwa sababu wafanyabiashara wa pande zetu na Uarabuni waliizoea hivyo na hawakutaka nyengine. Kwa hiyo tunaangalia uzito, ambao ni gramu 28 na kidogo, tunaangalia maandishi yaliyojitokeza kwenye ukingo, na tunaweka sumaku, maana madini ya fedha hayavutwi. Nyingi wanazouziwa wageni vichochoroni hushindwa kwenye mizani tu. Dhahabu ya Wajerumani ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo, ukiuziwa kwa bei ya kutupa ujue si yenyewe.

Kuhusu kusafisha: usisafishe. Kuna kijana alileta pesa ya Barghash inayong'aa kama kijiko kipya, ameisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua vyombo vya shaba. Herufi zilikuwa zimeliwa nusu. Hakukaripiwa, ila aliwekewa pembeni nyengine yenye weusi wake wa miaka, akaachiwa ajionee.

Jambo jengine ninaloliheshimu ni msimamo juu ya vitu vilivyochimbwa. Mwanachama mmoja wa Wete alitusimulia juu ya Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya hori pale Pemba, ambako mwaka 1984 lilifukuliwa fungu la sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2000, na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi, watawala wa zamani wa Misri. Fedha zile zina majina ya watawala wa huku huku kwetu, na maneno ya upande mmoja yanakwenda kwa vina na ya upande wa pili, ukilisoma jina la mtawala unalimalizia kwa kumtaja Mungu. Watu wa pwani hii walikuwa wakitunga mashairi kwenye fedha yao takriban miaka elfu iliyopita! Ndiyo maana anayekuja na kitu alichokiokota kwenye magofu au shamba la kale hakipatii mnunuzi mezani kwetu. Anaelekezwa watu wa makumbusho na mambo ya kale, kwa sababu sarafu iliyong'olewa mahali pake bila kuandikwa ilikaa wapi na pamoja na nini inapoteza nusu ya habari yake.

Mnada mdogo wa mwisho wa kikao ndio ninaoupenda kidogo. Bei huanzia shilingi 500, lakini wenye uwezo wawili watatu huondoka na kila kizuri, na wanafunzi hubaki wanatazama. Ningependa litengwe sinia la wanaoanza, wenye mshahara wasiliguse. Pia tunachelewa kuanza, kisha adhana ya magharibi inatukuta vitu vizuri bado havijaonwa.

Ukitaka kuanza, huhitaji fedha nyingi. Tafuta zile za Tanzania za tangu 1966: samaki wa senti 5, mbuni wa senti 20, sungura wa senti 50, na shilingi yenye mwenge. Nyumba nyingi zina kopo lake. Tia kila moja kwenye karatasi yake, andika umeipata kwa nani, njoo nayo. Na kama una babu au bibi anayeweza kupanda ngazi, mlete yeye kwanza, sarafu zitafuata.