Nyumba ya kupanga kijijini, njia ya Urambo: tumekaa kiangazi na masika

Hapa Tabora mjini kila mtu siku hizi anaongelea kuhamia shamba, kodi zinapanda, viwanja vya Ipuli na kwingineko havishikiki, basi mimi na mama watoto badala ya kukimbilia kununua tukatafuta nyumba ya kupanga kijijini tukae kwanza tuone. Hii ni rivyuu ya hiyo nyumba pamoja na dalali aliyetupeleka. Nyumba naipa nyota nne kati ya tano. Dalali mbili, na hiyo ya pili ni kwa sababu alikuwa anapokea simu.

Iko njia ya Urambo, kabla hujafika Ndono unaacha lami unaingia ndani na bodaboda. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, kahamia kwa binti yake. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati zima, sakafu ya simenti, choo na jiko vya nje, miembe mikubwa na shamba kwa nyuma. Kodi 60,000 kwa mwezi, na hela hiyo mjini wengine wanapangia chumba na sebule halafu koki ya maji mnagombania uani. Mzee hana makuu, alikubali tulipe miezi mitatu mitatu na mkataba tukaandika kabisa.

Dalali sasa. Alichukua hela ya kuonyesha hata bodaboda hatujapanda, baadae akachukua kodi ya mwezi mmoja, sawa, hayo mazoea ya madalali wote sina neno. Ila tukimuuliza maji anajibu "maji yapo hapohapo bosi". Yapo kweli, kisima cha kukokota kwa kamba, na tulipohamia mwezi wa sita ndoo ilikuwa inapanda imejaa tukasema mbona safi tu. Ngoja mwezi wa tisa uingie! Kamba inaungwa, maji yanakuja na tope, unachota kidogo unasubiri yajikusanye tena, alfajiri hata jogoo hajawika madumu yako kwenye foleni. Kwa mtu uliyezoea maji ya Ziwa Victoria ya mjini hapo ndio unajua kama kijiji unakiweza au ulikuwa unakipenda kwenye picha. Kwahiyo ukitaka kukagua nyumba ya kijijini huku nenda mwezi wa tisa au wa kumi, madalali wanapenda kukupeleka wa tatu kila kitu kijani, mahindi yamesimama, uyoga unauzwa barabarani, hapo hata mimi ningelipa papo hapo.

Nikapiga hesabu ya maji ya mvua maana nyumba ilikuwa haina gata hata moja. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, sasa bati letu ni kama mita za mraba 80, mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 1,600, toa kidogo inayomwagika. Huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwezi wa 11 mpaka wa nne hivi, simtanki la lita 5,000 linajaa mapema sana. Kazi iko kiangazi. Sisi tuko watano tunatumia madumu matano kwa siku, lita 100, yaani hilo simtanki ni siku 50 na kiangazi ni karibu miezi sita. Kwahiyo gata peke yake haikuokoi, kisima bado unakihitaji au ujenge tangi kubwa la chini. Mzee nilimwelekeza akakubali niweke gata na simtanki afu tukate kwenye kodi, wenye nyumba wangapi wa mjini wanakubali hivyo? Hapo ndio nyota ya nne.

Barabara kiangazi haina shida, vumbi tu. Masika kuna sehemu inakatiza mbuga, ule udongo mweusi wa majaruba ya mpunga, unateleza kama bamia, bodaboda wanakataa au wanapandisha bei mara mbili. Mimi nina steshenari mjini siku nyingine nilikuwa nafungua saa tano, wateja wa kutoa kopi wameshaenda kwa mwingine. Na ndio kitu kinachonisumbua zaidi usiku, mtoto akipandisha homa zahanati imefungwa, hospitali ya Kitete kule mjini unafikaje na mvua inanyesha? Kama una mgonjwa wa mara kwa mara nyumbani hii nyumba sio yenu, ya bei rahisi isiwadanganye.

Umeme haujaingia ndani ila nguzo zimepita karibu, na ada ya kuunganishiwa kijijini ni 27,000 tu kwahiyo hilo sikulihesabu kama kasoro, tulitumia sola. Mtandao ni laini moja ndio inashika vizuri, nyingine mpaka usimame chini ya mwembe. Mchwa ndio kero, fremu ya mlango wa nyuma wameila huku tunaangalia, piga dawa kabla hujaingiza vitanda. Na msimu wa kukausha tumbaku mabani ya majirani, yale majengo ya kukaushia, yanatoa moshi mchana na usiku, mama watoto alikohoa mpaka tukazoea.

Kuishi na watu sasa, hakuna dalali anayekuambia. Jirani yetu bibi mmoja alinikuta asubuhi napita kimya na haraka zangu, akaniita, "Mwanangu, hapa ukijifungia watu watasema una lako." Basi nikawa nasalimia, mwangaluka kwa kila nyumba hata kama nimechelewa, msiba nikiitwa naenda, kuchimba kaburi nashika jembe. Matokeo yake matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliletewa bure, asali tuliuziwa kutoka mzingani kabisa sio ile ya kuchanganywa sukari, watoto wanapotelea kwenye ntalali, yale matunda ya porini, wanarudi midomo myeusi na hakuna anayeuliza wako wapi maana kila mtu anawaona. Wanangu hawataki kusikia habari ya kurudi mjini. Ila mkubwa anaingia sekondari na shule ni mbali kwa miguu, hilo bado tunabishana mimi na mama yao.

Uamuzi wetu: mkataba tumeongeza, tunabaki msimu mwingine. Kununua bado. Mzee anataka kuuza na bei yake sio mbaya, shida karatasi aliyonayo ni ya mauziano ya mkono na muhuri wa mwenyekiti wa zamani, na dalali anasema inatosha, "hapa kijijini bosi nani atakusumbua". Haitoshi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, anayeisimamia ni halmashauri ya kijiji kwa kikao, sio mwenyekiti na muhuri wake mfukoni. Nimemwambia mzee aombe kikao, majirani waje waonyeshe mipaka, muhtasari uandikwe, afu tufuatilie hati ya kimila ya kumiliki ardhi kule wilayani. Amekubali, anasubiri watu wamalize kuvuna ndio waitane. Hela itatoka siku nikiushika huo muhtasari.