Uzoefu wangu: nilikodi mwongozaji wa uvuvi Mwanza, akaondoka na bondo la sangara wa baba

Naandika nikiwa bado na hasira, na wala sitaki kusubiri zipoe.

Huyu kaka nilimkodi kwa ajili ya baba. Baba ni mtu wa Ukerewe, alitoka kule angali kijana kwenda Dar kutafuta maisha. Ziwa analolijua yeye ni la ningu, furu na sato. Sangara walipokuja kujaa Ziwa Victoria miaka ya 1980, baba alikuwa anapakua mizigo bandarini. Kwa hiyo mzee amepita miaka 70 na hajawahi kumtoa sangara majini kwa mikono yake. Nikasema safari hii lazima.

Nililipa shilingi 350,000 kwa nusu siku, mafuta humo humo. Asubuhi pale mwaloni wanakoshushia samaki, upande wa Ilemela, kaka yule alimpa baba shikamoo ameinama kabisa. Akamshika mkono kumpandisha botini, akamvalisha boya, akavuta mikanda mmoja mmoja kuhakikisha imekaza. Moyo wangu ukatulia. Sisi tuliokuwa Mwanza mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama, habari ya maboya hatuifanyii mzaha.

Na kazi anaijua, siwezi kumdhulumu. Hakuwa na kifaa chochote cha kutafutia samaki. Alikuwa anatazama mnandi, wale ndege wanaopiga mbizi kuvua samaki, wanapozamia, kisha anapunguza mashine, tunapita taratibu kando ya miamba iliyojificha chini ya maji, chambo kinaburuzwa nyuma. Samaki wa kwanza alikuwa mdogo. Akamlaza kwenye kipimo kilichochorwa ubavuni mwa boti, akaona hajafika sentimita 50, akamrudisha ziwani bila kuambiwa na mtu. Hapo nilimpenda.

Halafu fimbo ya baba ikapinda. Mshipi ukatoka kwa kasi, baba amekaza miguu kwenye mbao, kaka anamwambia kwa upole, "Mzee, mwache aende, atachoka mwenyewe." Sangara akaruka nje ya maji mdomo wazi, anatikisa kichwa, na lile jicho lake lenye duara la njano nililiona waziwazi. Ilichukua muda. Walipomwingiza botini baba alikuwa analia, na sijamwona akilia tangu tumzike mama.

Ningeishia hapa ningetoa nyota zote. Sasa sikilizeni.

Tumerudi mwaloni, kaka anamchana samaki. Mkono ukaingia tumboni, ukatoka na bondo, jeupe, nono, linateleza. Kwa wasiojua, bondo ni ule mfuko wa hewa wa sangara ambao wanunuzi wanaupeleka China, na bei yake kwa kilo inaiacha minofu mbali sana. Akalisuuza, akalifunga kwenye kipande cha gazeti, akalitia mfuko wa koti. Baba akanyoosha mkono: "Kijana, hebu nilione."

Hata kugeuka hakugeuka. "Mzee, bondo ni la boti."

Nikamwambia, kaka, hilo hatukukubaliana. Akanijibu kwa sauti mwalo mzima usikie: "Dada, mlikuja kuvua, mmevua. Au mmekuja kufanya biashara?" Watu wakacheka. Baba akarudisha mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukuwa na kitu, akasema, "Twende, mwanangu."

Yaani mtu aliyempa shikamoo alfajiri, saa nane mchana anazungumza naye amempa mgongo!

Baadaye wenyeji wameniambia kwenye boti nyingi ndivyo inavyokwenda, bondo analichukua mwenye chombo. Inawezekana. Basi si angesema tukiwa tunapatana bei? Mimi hela ya bondo siihitaji. Baba alitaka kulishika tu. Miaka yote amesikia habari za mabondo na hajawahi kuliona, na hili limetoka kwa samaki aliyemvua mwenyewe. Dakika moja ingemgharimu nini yule kaka?

Nilikuwa nimepanga kuwaambia msimkodi kabisa. Lakini nikisema hana ujuzi nitakuwa mwongo, na usalama wake majini sijauona kwa wengine niliowahi kupanda nao. Ila ukimpeleka mzazi wako, patana kila kitu kabla mashine haijawashwa: samaki ni wa nani, bondo ni la nani, nani anachana. Mimi nyota nilizompa ni mbili. Jana nilitaka kumpa moja.

Baba ameshaanza kuniuliza tunarudi lini. Na anamtaka huyo huyo, anasema kijana anayajua maji. Nimemwambia tutarudi, lakini safari hii samaki nitamchana mimi.